Kompyuta ya barazani yenye vumbi inadunda, ya chumba cha ndani ndiyo inayojizima: lawama ni ya vumbi, chumvi au umeme?

Karani wa Chuno: Habari za jioni wanajukwaa. Nina ofisi ndogo ya kuchapa na kudurufu hapa Mtwara mjini, yenye kompyuta mbili za mezani za aina moja, zilizonunuliwa siku moja zikiwa zimeshatumika. Moja imekaa barazani karibu na mlango, mahali inapokula vumbi la barabara na la viatu vya wateja. Nyingine imo chumba cha ndani chenye kiyoyozi, ndani ya meza yenye kabati lake, nayo hufunikwa kitambaa kila jioni. Cha ajabu ni kwamba ya barazani haina tatizo lolote, ilhali ya ndani, ambayo huifuta kila Jumamosi, imeanza kujizima yenyewe, hasa mchana kazi inapokuwa nyingi. Haitoi onyo, skrini inakuwa nyeusi ghafla, na nikiiwasha papo hapo inawaka kidogo kisha inazima tena, mpaka niiache ipoe. Fundi mmoja ameniambia ni chumvi ya bahari, mwingine ameniambia ninunue pawasaplai mpya, yaani kile kifaa kinachogawa umeme ndani ya kompyuta. Kabla sijatoa fedha, naomba wenye uzoefu wanieleze usafi wa kompyuta unafanywaje hasa, na kwa nini ile inayotunzwa ndiyo inayosumbua.

Fundi wa Ligula: Karani, unachofuta wewe ni kasha, na kasha halina shida na mtu. Kompyuta ya mezani huvuta hewa kwa feni na kuitolea nyuma, na hewa hiyo huacha vumbi lake kwenye mapezi ya alumini yaliyo juu ya prosesa, yaani chipu kuu ya kompyuta. Fungua ubavu, toa feni ya prosesa, utazame kati ya feni na mapezi: utakuta pameota utando wa kijivu, mnene, ambao unaweza kuubandua kwa vidole ukatoka mzima kama kipande cha blanketi. Hapo feni inazunguka kwa nguvu zake zote lakini hewa haipiti. Prosesa nyingi hujipunguzia kasi joto linapokaribia nyuzi 100, na likizidi mashine hujizima ili isiungue. Ndiyo maana ikipoa inakubali kuwaka.

Halafu umeitia ndani ya kabati. Hewa ya moto inayotoka nyuma inagonga ubao, inarudi mbele, inavutwa tena. Ile ya barazani ina vumbi, lakini inapumua.

Usafi wenyewe ni huu. Zima, chomoa waya ukutani, kisha bonyeza swichi ya kuwashia kwa sekunde kadhaa ili umeme uliobaki ndani uishe. Itoe nje mahali pasipo na watu, maana vumbi litakalotoka litawaingia wengine mapafuni. Gusa chuma cha kasha kabla hujagusa kitu kingine ndani, ili umeme tuli wa mwilini mwako uondokee hapo. Puliza kwa blowa (kipulizia hewa) ukiwa mbali kidogo, na kila feni unayoipulizia uizuie kwa kidole au kijiti isizunguke, kwa sababu blowa inaweza kuizungusha kupita mwendo wake na kuharibu beringi. Kwenye mapezi tumia brashi laini ya rangi ambayo haijawahi kuguswa na rangi. Pawasaplai ipulize kupitia matundu yake tu na usiifungue kamwe: ndani yake mna kapasita zinazohifadhi umeme wa zaidi ya volti 300 hata baada ya waya kuchomolewa.

Pwani ya Mikindani: Fundi, nakuheshimu, lakini unaeleza kana kwamba tuko Dodoma. Huku kwetu vumbi haliji peke yake, huja na chumvi. Chumvi hufyonza unyevu wa hewani, na vumbi lenye chumvi likishika unyevu linaweza kupitisha umeme pale pasipotakiwa na kuila shaba taratibu. Nenda nyumba yoyote inayotazama bahari, fungua kompyuta iliyokaa hapo miaka mitatu, uone vichwa vya skrubu vilivyoshika kutu na madoa ya kijani kwenye soketi za nyuma. Kaskazi ikivuma, hata daftari linalegea, sembuse madabodi, ule ubao mkuu wa saketi. Karani, chomoa RAM, kile kibao cha kumbukumbu, sugua meno yake kwa ufutio wa penseli mpaka yang'ae, irudishe. Mashine nyingi zinazosemwa zimekufa hufufukia hapo.

Mwalimu wa TEHAMA: Naomba kusahihisha jambo moja katika maelezo ya ndugu wa Mikindani. Ufutio hufanya kazi, lakini ni mkavu na unakwangua. Meno ya RAM yamepakwa utando mwembamba sana wa dhahabu, na ukiusugua kila mwaka unauondoa, na hapo ndipo kutu itakapopata njia kwelikweli. Zaidi ya hayo, punje za ufutio hubaki ndani ya soketi. Kinachofaa ni alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, kisha kusubiri ikauke kabla ya kurudisha. Ile ya asilimia 70 inayouzwa duka la dawa sehemu yake kubwa iliyobaki ni maji, kwa hiyo ifutieni kibodi na kipanya vikiwa vimechomolewa, msiipeleke kwenye madabodi. Sanitaiza ya mikono haifai kabisa, kwa sababu mara nyingi ina gliserini ambayo huacha utando unaonata na kukamata vumbi jipya.

Pili, hoja ya chumvi haielezi kwa nini mashine izime mchana wakati wa kazi nyingi na ikubali kuwaka baada ya kupoa. Kutu haina saa. Karani, kabla ya kufungua chochote, weka programu ya kupima joto kama HWMonitor au Core Temp, utuletee namba.

Pwani ya Mikindani: Mwalimu, kutu haina saa lakini unyevu unayo. Kiyoyozi kikiwekwa nyuzi 18 na mlango ukiachwa wazi mwezi wa Februari, utaona ukuta unatoka jasho. Kompyuta nayo iko chumba hichohicho.

Mwalimu wa TEHAMA: Umande hutua juu ya kitu kilicho baridi kuliko hewa inayokizunguka. Kompyuta inayofanya kazi ni ya moto kuliko chumba, hivyo umande hauwezi kutua juu ya prosesa yake. Hatari unayoisema ipo pale mashine iliyozimwa na kupoa usiku kucha ndani ya kiyoyozi inapotolewa nje kwenye joto na kuwashwa hapo hapo, jambo linalowapata zaidi wenye kompyuta mpakato.

Binti Newala: Mabishano ya bahari na vumbi nimeyasoma, lakini sisi wa huku juu uwandani hatuna bahari, na shaba zetu zinageuka nyeusi vilevile. Nafanya kazi katika ofisi ya chama cha msingi. Msimu wa kupulizia mikorosho, mifuko ya salfa hukaa chumba cha pili, na unga wake wa njano unapenya popote. Wakulima wanaitumia kuzuia ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, nayo ni msaada mkubwa kwa zao, lakini salfa na shaba havipatani hata kidogo, na fedha ndiyo kabisa. Kompyuta iliyokuwa upande wa ukuta wa ghala, soketi zake zilikuwa nyeusi kama masizi wakati ya ofisi ya mbele bado inang'aa. Karani aangalie rangi kwanza: kijani ni unyevu na chumvi, nyeusi ni salfa.

Mzee wa Tandahimba: Ahsante binti, umesema jambo la kweli kuhusu salfa, ingawa usisahau kwamba shaba huweza kuwa nyeusi kwa joto pia, hivyo rangi peke yake haimalizi kesi. Isitoshe, huyu bwana yuko Chuno, mjini. Mikorosho ya Chuno anapulizia nani?

Karani wa Chuno: Nashukuru wote. Mzee, mikorosho hapa sina, lakini jirani yangu tunayegawana naye ukuta wa nyuma anauza pembejeo za kilimo, na chumba changu cha ndani ndicho kinachopakana na stoo yake. Sikuwahi kulihusisha jambo hilo na kompyuta. Namba za joto nitazileta.

Lindi Bandarini: Watani zangu wa Mtwara mmezunguka bahari, ghala na shamba, na hakuna aliyeuliza waya umechomekwa wapi. Mashine inayozima ghafla bila onyo inakosa umeme, kwa maneno mepesi. Hapa Lindi nilikuwa na tatizo hilohilo. Nilifungua kumbukumbu za matukio za Windows nikakuta imeandikwa Kernel-Power 41, maana yake pawasaplai imechoka. Nikabadilisha pawasaplai, mambo yakaisha. Karani afungue kumbukumbu hizo. Akiiona 41, aende dukani akanunue.

Mwalimu wa TEHAMA: Ndugu wa Lindi, tukio namba 41 husema kitu kimoja tu: kwamba mashine iliwaka tena bila kuwa imezimwa kwa utaratibu. Litaandikwa umeme ukikatika mtaani, litaandikwa mtoto akichomoa waya, na litaandikwa mashine ikijizima kwa joto. Kununua pawasaplai kwa ushahidi huo ni kubahatisha. Yawezekana yako ilikuwa imechoka kweli, lakini si namba 41 iliyokuambia.

Lindi Bandarini: Niliibahatisha basi, na inafanya kazi mpaka leo. Mwalimu akija Lindi nitamwonyesha, na chai nitamnunulia.

Masasi Kwetu: Naomba kuuliza jambo linalohusiana. Fundi alipotoa feni ya prosesa kwenye kompyuta ya ofisini kwetu alikuta unga mkavu mweupe, akaufuta, akaweka dawa ya meno badala yake, akasema zote ni kitu kimoja. Mashine inafanya kazi. Je, ni sawa?

Fundi wa Ligula: Hapana, na huyo mwenzangu anatuharibia jina. Ule unga mweupe ulikuwa pesti ya joto iliyokauka. Kazi yake ni kujaza vijitundu visivyoonekana kati ya prosesa na bamba la alumini lenye yale mapezi, ili joto lihame. Dawa ya meno ina maji. Kwa siku za mwanzo itapitisha joto vizuri tu, na ndiyo maana watu wanadanganyika, kisha maji yanakauka na kubaki chokaa. Pesti halisi ni bomba dogo lisilo ghali, na unaweka kiasi cha punje ya choroko katikati, unabana bamba, basi. Ukijaza kingi kinamwagikia pembeni bila faida. Kumbuka pia kwamba kila unapolitoa bamba lazima ufute pesti ya zamani na kuweka mpya. Ukilirudisha hivihivi joto linapanda kuliko ulivyolikuta.

Kijana wa Shangani: Mimi hupeleka kompyuta zangu kwa wale wa kujaza upepo wa matairi. Dakika mbili, imekuwa mpya.

Fundi wa Ligula: Kijana, kompresa ya gereji hukusanya maji ndani ya tangi lake, na katika hewa hii ya kwetu maji hayo si machache, tena huchanganyika na oili. Unaipulizia madabodi mvuke wa maji na oili kwa nguvu ya kung'oa vifaa vidogo. Mfagio wa umeme wa kufyonza nao usiuingize ndani, kwa sababu ncha yake ya plastiki hujenga umeme tuli. Ufyonze vumbi lililoanguka chini, hilo linatosha.

Karani wa Chuno: Nimerudi na majibu, naomba mnivumilie kwa urefu. Kabla ya kufungua, Core Temp ilionyesha nyuzi 94 nikiwa nachapa na kivinjari kikiwa wazi. Ya barazani kwa kazi hiyohiyo ilikuwa 71. Tukaifungua na kijana wangu. Utando aliousema Fundi tumeukuta, ingawa haukuwa wa vumbi la barabara: ulikuwa wa nyuzinyuzi nyeupe, za karatasi na za kile kitambaa cha kufunikia. Meno ya RAM yalikuwa masafi. Soketi moja ya nyuma ilikuwa na weusi kidogo, wala si kijani. Ndani ya matundu ya pawasaplai walikuwa wanatoka sisimizi, tena wakiwa na mayai yao. Tumepuliza, tumeweka pesti mpya, tumeitoa ndani ya kabati na kuiweka juu ya meza. Joto sasa ni nyuzi 66.

Nilidhani tumemaliza. Jana mchana imezima tena, joto likiwa hilohilo la chini, sekunde ileile kijana alipowasha mashine ya fotokopi.

Lindi Bandarini: Nilisema mimi!

Mwalimu wa TEHAMA: Umesema pawasaplai, hukusema fotokopi. Karani, je, fotokopi na kompyuta zimechomekwa kwenye ekstensheni moja?

Karani wa Chuno: Ndiyo, moja. Ya barazani ina soketi yake ya ukutani.

Mwalimu wa TEHAMA: Basi hilo ni jambo zito. Fotokopi na printa za leza zina rola inayopashwa moto hadi karibu nyuzi 200 ili wino wa unga ushike kwenye karatasi, na wakati wa kuipasha hunyonya umeme mwingi kwa mkupuo. Ekstensheni ikiwa nyembamba au soketi zake zimelegea, volti hushuka kwa nukta ya muda, na kompyuta haiwezi kuvumilia. Tenganisha vifaa hivyo leo. Na usije ukaichomeka fotokopi kwenye UPS, kile kisanduku cha betri kinachoshikilia kompyuta umeme ukikatika. Watengenezaji wa UPS wenyewe hukataza jambo hilo kwa printa za leza.

Fundi wa Ligula: Nakubaliana na kutenganisha, ila pawasaplai nzima huhimili mshuko mdogo wa namna hiyo. Kapasita zake ndizo zinazoshikilia umeme katika ile nukta. Zikivimba, nguvu hiyo hupotea, kwa hiyo yawezekana ekstensheni ni mbovu na pawasaplai nayo imechoka. Tazama pia kapasita za madabodi zinazozunguka prosesa: kichwa chake kinatakiwa kiwe bapa, kikibinuka juu au kikitoa ute wa kahawia hiyo imekwisha.

Binti Newala: Na sisimizi je? Mbona mmewaruka? Hupenda joto, na wakikaa kati ya pini mbili zenye umeme wanaunguzwa na kuacha mabaki yanayogusanisha. Kuna mjusi aliyewahi kukaushwa ndani ya pawasaplai ya ofisi yetu, na harufu yake ilituhamisha chumba.

Pwani ya Mikindani: Ule weusi wa soketi pia haujajibiwa. Mwenye stoo ya pembejeo bado yupo ukutani.

Mzee wa Tandahimba: Kumbe utando wenyewe ulikuwa wa kitambaa cha kufunikia. Kompyuta imeugua kwa kupendwa.

Karani wa Chuno: Mzee, kitambaa nimeshakiondoa. Lakini nisipofunika, usiku mijusi nayo itaingia.

Fundi wa Ligula: Funika, ila subiri ipoe kwanza, na tumia kitambaa kisichotoa nyuzi. Wavu mwembamba wa dirisha ukikatwa na kubandikwa ndani ya matundu makubwa huzuia wadudu, mradi uukague mara kwa mara, kwa sababu nao hukamata vumbi. Kwa mazingira ya steshenari, penye karatasi na wino wa unga, mimi hushauri kufungua kila baada ya miezi mitatu. Nyumbani, mara mbili kwa mwaka.

Mwalimu wa TEHAMA: Kila miezi mitatu ni mara nyingi mno kwa asiye fundi. Kila ufunguaji ni nafasi ya kulegeza waya. Pima joto, likipanda kwa nyuzi kumi kuliko kawaida yake katika kazi ileile, hapo fungua.

Kijana wa Shangani: Tukiwa kwenye usafi, je, skrini? Mimi hutumia dawa ya vioo vya madirisha.

Mwalimu wa TEHAMA: Nyingi ya dawa hizo zina amonia, na skrini za kisasa uso wake si kioo kitupu, una utando unaoharibika. Kitambaa laini kilicholowa maji safi kidogo kinatosha. Unyunyizie kitambaa, usinyunyizie skrini, kwa sababu tone huteremka hadi ukingo wa chini na kuingia mahali penye nyaya.

Masasi Kwetu: Na usafi wa ndani ya Windows? Kuna programu zinazodai kusafisha rejista (hifadhi ya mipangilio ya Windows) na kuongeza kasi.

Mwalimu wa TEHAMA: Huzihitaji. Hata iliyo maarufu kuliko zote, CCleaner, mwaka 2017 toleo lake moja lilisambazwa likiwa limepandikizwa programu haribifu, na likafika kwenye kompyuta zaidi ya milioni mbili. Futa mafaili ya muda kwa zana iliyomo ndani ya Windows, punguza programu zinazoanza pamoja na mashine, na kama una diski ya SSD, ile isiyo na sahani inayozunguka, usihangaike kuipanga upya kwa zana za zamani. Jambo la kuangalia zaidi ni kwamba Windows 10 ilifikia ukomo wa matengenezo yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Wenye steshenari wanaopokea flashi za kila mteja wasilichukulie kwa wepesi.

Karani wa Chuno: Nimetenganisha soketi. Wiki hii haijazima, ingawa fotokopi nayo imekuwa na kazi chache, kwa hiyo sithubutu kusema lolote. Pawasaplai bado sijainunua.

Lindi Bandarini: Utainunua tu. Msimu wa mnada wa korosho ukianza na foleni ya kudurufu stakabadhi ikafika barabarani, ndipo utajua nani alisema kweli.

Pwani ya Mikindani: Na kaskazi ikianza tutajua pia.

Kijana wa Shangani: Samahani kwa kuchomekea: UPS yangu inalia kila dakika chache hata umeme ukiwepo. Nayo inahitaji kupulizwa?

Fundi wa Ligula: Hiyo mara nyingi ni betri yake inayoomba kubadilishwa. Betri ya risasi ya UPS hudumu takribani miaka mitatu hadi mitano mahali penye nyuzi 25, na kila nyuzi 10 zinazozidi hapo hupunguza maisha yake karibu nusu. Uliiweka wapi?

Kijana wa Shangani: Nyuma ya friji.